Mchi wa Ña Sinforiana

Ña Sinforiana alikuwa na hofu nyingi, na zote alizilea kama kuku anavyolea vifaranga. Aliogopa embe kuchanganywa na maziwa tumboni. Aliogopa mtu aliyetoka kupiga pasi akinawa maji baridi. Radi ikipiga alifunika kioo cha chumbani kwa shuka, kisha akatoka mlangoni kuwaita watu wote wa mtaa waingie ndani, hata wale wasiompenda. Watu wa mji wa Luque, ambao kwa heshima humwita mama mtu mzima Ña na baba don, walimcheka, lakini waliingia.

Alimlea binti yake mmoja, Zunilda, peke yake. Mumewe alivuka kwenda Argentina kujenga maghorofa, akawa anarudi kila Krismasi, halafu Krismasi nyingine hakurudi. Ña Sinforiana hakulia hadharani. Alijitwika beseni la chipa, ile mikate ya muhogo na jibini, akawa anauza kwenye lango la karakana ya don Eladio, ambako ofisi za mjini huleta mashine zao zilizozeeka: kompyuta, printa, simu za mezani, runinga za zamani zenye mgongo mkubwa. Mafundi huzifungua. Shaba huwekwa huku, plastiki kule, bodi za kijani hutiwa kwenye magunia, na betri hushuka kwenye mapipa yenye mifuniko bila kupasuliwa na mtu yeyote. Mwenye kupasua betri pale anafukuzwa siku hiyohiyo.

Siku moja don Eladio alitoka langoni kununua chipa, akamkuta anamgombeza fundi mmoja.

"Mkono huo umetoka wapi?"

"Kazini, Ña."

"Na unaingia wapi?"

"Kwenye chipa."

"Hauingii. Nenda kanawe. Chipa yangu haili vumbi la kompyuta."

Don Eladio alicheka, kisha akaacha kucheka. Kwa muda mrefu alikuwa amebandika ukutani maagizo ya kuvaa glavu na barakoa na kunawa kabla ya kula, na mafundi walikuwa wakiyapita kama wanavyolipita tangazo la uchaguzi uliokwisha. Akamwomba Ña Sinforiana aingie ndani awe mfagizi, na zaidi ya hapo awe mtiaji wa tereré, kile kinywaji baridi cha majani.

Kazi ya mtiaji si ndogo. Watu huketi duara, na pembe ya ng'ombe iliyojaa majani ya yerba huzunguka kutoka mkono hadi mkono, yenye mrija mmoja wa chuma. Mtiaji ndiye mwenye jagi la maji ya barafu. Yeye hunywa kwanza, yeye hujaza, yeye hujua zamu ni ya nani. Akikuruka, umerukwa mbele ya watu, na hakuna wa kumlalamikia. Ña Sinforiana akaupata utawala wake. Duara alilitoa ndani ya banda akaliweka uani, chini ya paa la bati karibu na bomba, na sheria ikawa moja.

"Rumildo! Umenawa?"

"Nimenawa jana, mama."

"Basi tereré yako kanywe jana."

Na kweli pembe ilimpita Rumildo ikaenda kwa mwenzake, watu wakapiga makofi. Hata don Eladio aliwahi kurukwa. Alikuwa na wageni kutoka benki, akajitetea kwamba yeye ni mwenye karakana. Ña Sinforiana akamjibu kwamba hata Papa akija atanawa.

Huyo Rumildo ndiye aliyekuwa mtundu wao na kipenzi chake. Alizaliwa katika ukoo wa masonara, wale wanaosuka nyuzi za fedha mpaka ziwe kama utando wa buibui, lakini biashara ya baba yake ilipodorora akaja kufungua kompyuta. Vidole vyake vilibaki vya sonara. Aling'oa vipande vidogo kutoka kwenye bodi kwa upole, kama anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto.

Kinu cha Ña Sinforiana kilikuwa cha mti, na mchi wake vilevile. Ndimo alimotwanga nanaa na mchaichai na mizizi ya kupoza mwili kabla ya kuvitia kwenye maji ya barafu. Siku moja mchi ukapasuka katikati. Ilipofika Siku ya Akina Mama, mwezi wa tano, mafundi wakamketisha kwenye kiti chenye magurudumu kilichotoka ofisi fulani, wakamfumba macho kwa taulo, na Rumildo akamwekea kitu mapajani.

"Mama yangu! Nini hiki, mbona kizito?"

Ulikuwa mchi wa chuma cheupe, laini, unaong'aa, umechongwa ua dogo kwenye kichwa chake. Ña Sinforiana aliushika kwa mikono miwili. Hakuna mtu aliyewahi kumtengenezea kitu. Alilia mpaka taulo ikalowa, Anselmo dereva akasema kama ni hivyo mwakani watampa leso tu.

Mchi ulifanya kazi ajabu. Pigo moja, mchaichai umelainika. Kwa sababu ya joto aliongeza limau, akatwanga pamoja na maganda yake, na akauacha mchi humohumo kinuni ukilowana.

"Ña Sinfo, siku hizi tereré yako ina utamu," Anselmo alimwambia. "Umeongeza sukari?"

"Sukari ya nini? Ni mkono wa mama huo."

Kati ya hofu zote za Ña Sinforiana, kubwa ilikuwa Zunilda, kwa kuwa Zunilda naye alikuwa ameingia karakana hiyo. Hakuletwa na mama yake, alijileta. Alikuwa hodari kwa bisibisi kuliko wanaume wengi, na aliipenda kazi. Alikuwa ameolewa na Derlis, fundi wa mabasi, miaka ikapita bila mtoto, wakaenda kwa madaktari na kwa watabibu wa mitishamba na kuhiji kwa miguu kwa Bikira wa Caacupé. Kisha, walipokwisha kuacha kuuliza, akashika mimba.

Ña Sinforiana hakusherehekea. Alianza kuangalia. Zunilda akikohoa, alitoka mbio na ufagio mkononi.

"Acha kazi hii, mwanangu. Vumbi hilo lina risasi, madini yenye sumu. Nimesikia kwa masikio yangu, don Eladio akiwaambia wageni."

"Mama, navaa barakoa. Navaa glavu. Nanawa mpaka viwiko, nabadilisha nguo kabla ya kwenda nyumbani. Unataka nivae na sufuria kichwani?"

"Vaa. Nitakuazima yangu."

"Haya, na mchuzi utapika kwenye nini?"

Wakacheka wote wawili, lakini mama alicheka kwa mdomo tu.

Kliniki ya wajawazito ilikuwa na daktari mmoja kijana, Noelia, msichana wa hapohapo Luque. Alipomsikia Zunilda anafanya kazi gani, alimtoa damu akaipeleka Asunción kupimwa risasi. Majibu yaliporudi aliwaita mama na binti, akafunga mlango. Akawaeleza polepole. Risasi imeingia kwenye damu ya Zunilda, tena si kidogo. Mtoto tumboni hula kupitia kwa mama yake, kwa hiyo na hiyo risasi anaila, na ubongo wa mtoto ni mlaini, huumia mapema. Bado kuna nafasi ya kuokoa mambo. Lakini ni lazima ijulikane inatoka wapi, ikomeshwe, na hadi hapo Zunilda asirudi bandani.

Zunilda aliinamisha kichwa. Ña Sinforiana hakuinamisha. Alishuka kwenye basi mbele ya karakana, akapita langoni bila kusalimia, akamkuta don Eladio anapima magunia.

"Eladio!" Hakumwita don. Mafundi wakazima mashine zao. "Vumbi lako limemwingia mwanangu. Limemwingia na mjukuu wangu, ambaye hata hajazaliwa, hajakukosea lolote!"

"Ña Sinforiana, tulia kwanza…"

"Situlii! Nimenawisha mikono hapa kama padri anavyobatiza! Kumbe wewe vumbi unaliacha lipae!"

Don Eladio alikuwa mtu wa kubishana, lakini hakubishana. Alivua kofia. Akasema kesho karakana haitafunguliwa, watu wote wataenda kwa daktari kutoa damu, yeye wa kwanza, na kama ni vumbi lake basi atalijibu.

Wakaenda. Majibu yalipotoka, Daktari Noelia hakuwaita kliniki. Alikuja mwenyewe karakana, akasimama uani huku mafundi wamemzunguka, mikono mifukoni kama wanafunzi waliovunja dirisha.

"Wote mnayo," alisema. "Lakini kuna jambo silielewi. Anselmo ni nani?"

"Mimi, daktari. Dereva."

"Unafungua kompyuta?"

"Mimi? Mimi bisibisi naijua kwa sura tu. Naleta mzigo, nashusha, nalala kwenye gari."

"Huingii bandani?"

"Kuna joto mle. Sina kosa nililolifanya nikae mle."

"Basi mbona damu yako ina risasi kuliko ya wale wanaoshinda kwenye bodi?"

Anselmo aliutazama mkono wake uliotolewa damu.

"Na inayoizidi hata ya Anselmo," daktari akaendelea, akigeuka taratibu, "ni yako, Ña Sinforiana."

Ña Sinforiana aliweka mkono kifuani. Kwa muda alidhani amesikia vibaya, kisha akadhani daktari amekosea chupa.

"Kuna kitu mnachokula pamoja?" daktari aliuliza. "Au mnachokunywa?"

Mafundi walitazamana. Ikawa kama swali la kuuliza samaki kama kuna maji. Macho yote yakaenda chini ya paa la bati, kwenye jagi.

Ña Sinforiana alipata nguvu ya kusema. "Ndiyo ninayowaambia kila siku, daktari! Mikono yao michafu! Wanashika pembe hii na kucha zao…"

"Nionyeshe unavyoitengeneza."

Akamwonyesha. Aliosha pembe, akatia yerba. Akaweka mchaichai kinuni, akakata limau, akauinua mchi wake ulio na ua kichwani. Kwa fahari kidogo, hata wakati ule. Hakuweza kujizuia, kila mgeni alimwonyesha mchi ule.

Daktari aliuomba. Aliupima kwa mkono, akakwaruza ubavuni kwa ukucha, na ukucha ukaacha alama.

"Nani kautengeneza?"

"Rumildo wangu," alisema Ña Sinforiana.

Rumildo alikuwa amesimama nyuma ya wengine. Walimpisha njia.

"Umeutengeneza kwa kitu gani, Rumildo?"

"Kwa lehemu, daktari. Ile ya kwenye bodi. Nikiziyeyusha bodi nilikuwa nakusanya matone kwenye kopo. Mwaka mzima. Baba alinisaidia kuusubu…" Akasita. Kila mtu aliona alivyokuwa akilifikia lile jambo, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kukosa kipandio. "Lehemu ya mashine za zamani," akasema polepole, "ina risasi."

Alilijua hilo. Kila mmoja wao alilijua, ndiyo maana bodi zilishikwa kwa glavu. Lakini huko lilikuwa jambo la banda. Lilipotoka humo likiwa limesuguliwa na kuchongwa ua, hakuna aliyelitambua tena. Na wao ni watu wa Luque, wamezoea tangu utotoni kuona chuma kinayeyuka jikoni na kutoka kikiwa hereni.

"Na limau huimumunya risasi, ikaingia majini na kuyatia utamu," daktari alisema.

"Mimi niliyesema ni tamu," Anselmo alinong'ona.

Rumildo hakusubiri neno jingine. Alivua aproni, akaitundika msumarini kwa utaratibu, akatoka langoni. Ña Sinforiana hakumwita. Ukweli usemwe, wakati ule hakutaka kumwona. Alikuwa akiviangalia viganja vyake. Alikuwa amesimama kwenye bomba lile akizuia risasi isipite kwenye mikono ya watu, huku akiitwanga mwenyewe, akiitia limau, akiijaza barafu na kumpa mwanawe.

Siku zilizofuata Zunilda alikaa nyumbani. Daktari aliagiza ale maharage, mboga za majani, maziwa na machungwa, ameze na vidonge vya madini ya chuma. Ña Sinforiana alipika, akaketi kumtazama akila mpaka Derlis akalalamika kwamba mkewe anatazamwa kama runinga. Lakini kitu kimoja mama hakukifanya: hakumtilia chakula kwenye sahani. Alipakua Derlis. Maji alichota Derlis. Zunilda aliona, akavumilia, kisha siku moja akashindwa.

"Mama, mikono yako imefanya nini?"

"Mikono hii? Unajua ilichokufanyia."

"Mikono hiyo ilinilea. Na Rumildo je? Nasikia hajarudi kazini. Mama yake anasema hali chakula."

"Asile! Mjukuu wangu…" Alijifuta uso kwa pindo la gauni, akachukua mwavuli wa jua, akatoka.

Alimkuta Rumildo nyuma ya nyumba ya baba yake, mbele ya tanuru dogo la usonara. Makaa yalikuwa yamekwisha kuwashwa. Mchi ulikuwa juu ya tofali. Alikuwa ameuomba kwa don Eladio kwamba ataumaliza mwenyewe.

"Unafanya nini, wewe?"

"Nauyeyusha, Ña. Nisiuone tena."

Hakumwita mama. Hilo lilimchoma Ña Sinforiana kuliko alivyotarajia.

"Uyeyushe na moshi wake uingie wapi? Kwa baba yako anayekohoa? Kwa hao watoto wa jirani wanaochungulia ukutani? Zima moto huo."

"Ña, mimi nimewa…"

"Zima kwanza, utalia baadaye."

Akazima. Kisha akalia, kidevu kikiwa kifuani. Ña Sinforiana alisimama juu yake na mwavuli, akimkinga jua bila kujijua.

"Sikiliza," alisema. "Nimekukasirikia. Kesho nitakukasirikia tena, na mtoto huyu akizaliwa nitamtazama kila kidole, na nikiona kasoro sijui nitakachokifanya. Hayo nakwambia wazi. Lakini mchi ulinipa kwa mapenzi, na mimi nilitwanga kwa mapenzi. Sasa twende tukautupe panapostahili."

"Panapostahili ni wapi?"

"Wewe ndiye fundi, unaniuliza mimi?"

Wakaenda kwa miguu, mchi umefungwa ndani ya mifuko miwili, Rumildo ameubeba kama anayebeba ndege aliyekufa. Kule karakana palikuwa na pipa la vitu vyenye risasi, lenye mfuniko wa kukaza na alama ya fuvu, ambalo huchukuliwa na gari la kampuni yenye kibali. Rumildo alivaa glavu na barakoa. Akauingiza mchi, akaingiza na kinu cha mti, kwa sababu mti hunyonya. Akaingiza hata pembe na mrija. Ña Sinforiana alikuwa ameinunua pembe ile kwenye sherehe za Caacupé akiwa msichana, lakini alisema tia, naye kijana akatia. Rumildo akakaza mfuniko, kisha akarudia kuukaza.

Don Eladio akaamuru jambo jingine: kuanzia siku ile hakuna kipande kitakachotoka bandani kwenda nyumbani au jikoni, hata kiwe kizuri namna gani, hata kiti, hata kopo la kuwekea kalamu. Watu walirudisha vitu ambavyo hakuna aliyejua walivichukua. Anselmo alileta kikaango.

"Anselmo! Hiki kilikuwa nini?"

"Mgongo wa mashine fulani, mzee. Mayai hayagandi humo."

Ña Sinforiana alirudi kufagia, lakini jagi hakuligusa. Don Eladio alinunua pembe mpya na mrija mpya, vikakaa kwenye kasha. Mafundi walikunywa soda, kila mtu na chupa yake, kila mtu kwenye kona yake, na wakaanza kugombana kwa mambo madogo: nani kachukua koleo, nani kaacha mlango wazi. Hakukuwa na duara la kuwakalisha.

Mimba ilipokuwa imejaa vizuri, Zunilda alitolewa damu tena. Ña Sinforiana hakwenda naye kliniki. Alisema ana kazi, akafagia ua ambao ulikuwa umekwisha kufagiwa, akaufagia tena. Alimwona binti yake anaingia langoni, anatembea kwa kuegemea nyuma jinsi wanavyotembea wajawazito, na akajaribu kusoma uso wake kutoka mbali, akashindwa.

"Imeshuka, mama," Zunilda alisema. "Haijaisha, lakini imeshuka sana. Mtoto anakua vizuri. Daktari amesikiliza moyo wake, unakwenda mbio kama wako."

Ña Sinforiana aliuegemea ufagio.

"Amesema akizaliwa watampima naye. Na mimi nikirudi kazini nisirudi kwenye bodi. Don Eladio amekubali, nitakuwa nakwenda maofisini na Anselmo kupokea mashine." Zunilda alivuta kiti cha plastiki chini ya paa la bati, akajiketisha kwa shida. "Sasa nina kiu. Nitilie."

"Derlis atakutilia nyumbani."

"Sitaki ya Derlis. Anatia kama anamwaga oili. Nitilie wewe."

Mafundi walikuwa wamesimama mlangoni mwa banda, barakoa shingoni. Rumildo alikwenda kwenye bomba, akasugua mikono na sabuni mpaka viwiko, akainua kasha lenye pembe mpya akalileta, akaliweka mezani, akarudi nyuma.

Ña Sinforiana alinawa. Alinawa kwa muda mrefu sana. Akatia yerba, akachukua nanaa, akaichana kwa vidole, kipande kwa kipande. Akamimina maji ya barafu. Ya kwanza akanywa mwenyewe, kama ilivyo desturi, akakaa anajisikiliza.

"Anangoja afe," Anselmo alisema.

"Nyamaza wewe, mwenye kikaango."

Akajaza tena. Alipompa Zunilda, maji kidogo yakamwagika juu ya tumbo lile kubwa, na Zunilda akashtuka kwa baridi, akacheka, akavuta mrija. Mama yake alimtazama koo likishuka na kupanda. Aliitazama ile tereré ikienda kule ilikokuwa ikienda, kwa mwanawe na kwa yule mwingine.

"Haina mchaichai," Zunilda alisema, akimrudishia pembe.

"Kesho nitaleta."

"Leta. Niongeze kwanza."

Akamwongeza. Kisha akainua macho kuelekea mlango wa banda, akauliza kama wale wengine wanangoja kupelekewa mialiko.